Kisukari: Kupunguza uzani bila kuhatarisha maisha

MTU anayetaka kupunguza uzani aghalabu huanza kwa kuupiga vita ugali. Kwa mgonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza, hatua hiyo huhitaji hesabu, kwani chakula na dawa yake ni mizani moja.

Katika maradhi haya, kinga ya mwili huharibu chembechembe za kongosho zinazotengeneza insulini, homoni inayowezesha sukari kutoka kwenye damu na kutumika mwilini. Kabla ya insulini kugunduliwa jijini Toronto, Canada, mwaka wa 1921, madaktari waliwanyima wagonjwa wanga hadi wakabaki mifupa mitupu, na bado walikufa.

Insulini ilileta uhai, na pamoja nao unene. Sukari iliyokuwa ikipotelea kwenye mkojo sasa hutumika, na ya ziada hugeuzwa mafuta. Utafiti uliofanywa Marekani na Canada na kuchapishwa mwaka wa 1993 ulionyesha kuwa udhibiti madhubuti wa sukari hukinga macho, figo na neva, ingawa waliotibiwa hivyo walinenepa zaidi ya wenzao.

Hapo ndipo penye mtego. Baadhi ya wagonjwa, hasa wasichana, huruka sindano makusudi ili wakonde. Mwili usio na insulini huyeyusha mafuta kwa kasi na kuzalisha ketoni, ambazo hujaza damu asidi. Kiu kali, kutapika, maumivu ya tumbo na kupumua kwa nguvu ni dalili za kukimbizwa hospitalini mara moja.

Njia salama ni kupima wanga. Kipande cha mkate huwa na takriban gramu 15, nayo ndizi mbivu ya wastani gramu 25 au zaidi. Anayejidunga insulini kabla ya kila mlo hufunzwa na daktari kiwango kinacholingana na wanga anaokula; akipunguza ugali, hupunguza dozi ya mlo huo. Insulini ya msingi haiachwi kamwe. Wanaotumia insulini ya mchanganyiko mara mbili kwa siku hawana budi kula kwa saa maalumu na kwa kiasi kisichobadilika ovyo.

Asiyezingatia hayo, sukari yake hushuka. Ikiwa chini ya milimoli 4 kwa lita, anahitaji gramu 15 za glukosi, kisha apime tena baada ya dakika 15. Anayebugia soda na biskuti kwa hofu hurejesha uzani aliokuwa akiupunguza.

Mafuta nayo yasisahaulike: gramu moja ina kalori 9, ilhali ya wanga ina 4. Sahani iliyojaa nusu sukuma wiki au mchicha, robo maharagwe au samaki, na robo ugali humshibisha mgonjwa bila kumnenepesha.

Uzani hupunguzwa polepole, mezani na kwa mazoezi, daktari akijua. Haupunguzwi kwa kuficha sindano.