Semei Kakungulu na Nyumba Yake (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulimwacha Semei Kakungulu, mzaliwa wa Kooki wa karibu mwaka 1869, akipanda vyeo kwa Kabaka (mfalme) Mwanga wa Buganda. Leo tuingie nyumbani mwake, maana huko ndiko siasa yake inakoeleweka.

Kakungulu hakuwa na damu ya kifalme ya Buganda. Pengo hilo alilijaza kwa ndoa: alimwoa Nakalema, binti wa Kabaka Mutesa wa Kwanza na dada yake Mwanga. Lakini undugu huo haukumzuia. Mwanga alipowaasi Waingereza na kukimbilia Lango pamoja na Kabalega wa Bunyoro, aliyewafuata ni Kakungulu. Tarehe 9 Aprili 1899 wote wawili walikamatwa, wakapelekwa uhamishoni Shelisheli. Mwanga alifia huko mwaka 1903, akiwa ametiwa mbaroni na mume wa dada yake.

Kwa utumishi huo Kakungulu alitazamia ufalme wa Bukedi, mashariki mwa Uganda. Aliamini kwamba Kamishna Harry Johnston alikwisha kumwahidi. Akajenga ngome Budaka na kuketi kama mfalme. Mwaka 1902 Waingereza wakamng'oa, wakamfuta machozi kwa maili 20 za mraba huko Mbale. Wafuasi wake walipanda migomba na kukata barabara, na mji ukaota hapo kando ya Mto Nabuyonga. Mwaka 1906 akapelekwa Jinja kuwa rais wa Lukiiko (baraza) ya Busoga, awapatanishe machifu wasiokuwa na mkuu mmoja. Kazi ilikuwa ya heshima, ila bwana mkubwa alikuwa mwingine. Aliiacha mwaka 1913.

Aliporudi Mbale aliingia kwa Wamalaki, dhehebu la Kikristo lililokataa dawa za hospitali. Mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe. Wamalaki waliposema hiyo ni desturi ya Wayahudi, naye akajitangaza Myahudi. Mwanawe mmoja akaitwa Yuda Makabeo, kama yule shujaa aliyepigana na watawala wa kigeni.

Mtu aliyenyimwa taji akawapa wanawe nasaba ambayo hakuna kamishna aliyeweza kuifuta kwa barua. Alifariki tarehe 24 Novemba 1928, akazikwa Gangama. Bukedi ikabaki ya serikali, lakini Abayudaya, jamii ya Kiyahudi aliyoianzisha, wanasali Nabugoye hadi leo.

Juma lijalo: Abayudaya chini ya Idi Amin.