Winchi ya Gari: Nguvu Iliyoandikwa na Nguvu Inayopatikana

Mvua za masika zinapoanza kunyesha mkoani Pwani, baina ya Machi na Mei, mwendo wa safari haupimwi tena kwa kilometa. Barabara kuu ya kwenda Morogoro inayopita Kibaha huendelea kupitika, lakini atokaye katika barabara ya lami na kushika njia za udongo za bonde la Ruvu, au aingiaye vijijini Kisarawe kwa njia za Maneromango na Mzenga, hukutana na tope lisilobagua gari jipya na kuukuu. Gari linalokwama huenda limebeba mbolea, au vitabu vya shule, au mama mjamzito anayepelekwa hospitali. Katika hali hiyo ya mwisho, saa mbili za kungojea trekta zinaweza kuwa ndizo tofauti kati ya uhai na kifo.

Kwa sababu hiyo magari mengi ya kazi hufungwa winchi kwenye bampa la mbele. Winchi ni chombo chepesi kueleweka: dramu, yaani mche duara wa chuma, huzungushwa na mota au injini kupitia gia, waya uliofungwa kwenye mti hujikunja juu ya dramu hiyo, na gari hujivuta lenyewe. Hata hivyo, wanunuzi wengi huichagua kwa kutazama tarakimu moja tu iliyopigwa chapa ubavuni mwake. Makala haya yanaeleza kwa nini tarakimu hiyo, ingawa ni ya kweli, haitoshi.

Gari linahitaji nguvu kiasi gani?

Gari linalotembea kwenye barabara ngumu na tambarare huhitaji nguvu ndogo sana kulisukuma; ndiyo maana watu watatu huweza kuliwasha gari kwa kulisukuma. Tope hubadili hesabu. Miongozo ya kijeshi ya kuokoa magari hufuata kanuni rahisi: magurudumu yakizama hadi usawa wa ekseli, ukinzani wa tope hukadiriwa kuwa sawa na uzito wote wa gari pamoja na shehena yake, likizama hadi madigadi, ukinzani huwa mara mbili ya uzito huo. Mwinuko nao huongeza sehemu yake, ambayo ni uzito ukizidishwa kwa saini ya pembe ya mwinuko.

Chukua gari la wagonjwa lenye uzito wa kilo 3,000 pamoja na vilivyomo. Limezama hadi ekseli kwenye mwinuko wa nyuzi 15. Tope linadai kilo 3,000. Saini ya nyuzi 15 ni 0.26, kwa hiyo mwinuko unadai kilo 780 zaidi. Jumla ni kilo 3,780. (Nguvu zinatajwa hapa kwa kilo kama zinavyoandikwa kwenye vifaa; anayetaka nyutoni atazidisha kwa 9.8.)

Mafundi hutumia kanuni ya mkato: winchi iwe na uwezo usiopungua mara moja na nusu ya uzito wa gari lililojazwa. Kwa gari hili ni kilo 4,500. Winchi inayouzwa kwa wingi ni ya ratili 9,500, ambazo ni takriban kilo 4,300. Imekaribia kiwango, na kwa kuwa 4,300 ni zaidi ya 3,780, mnunuzi hurudi nyumbani ameridhika. Je, ana haki ya kuridhika?

Siri ya matabaka

Mota na gia huipa dramu momenti fulani, na momenti ni nguvu ikizidishwa kwa nusu kipenyo. Momenti ikiwa ile ile, nusu kipenyo kikiongezeka nguvu haina budi kupungua. Waya unapojikunja hujipanga tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka huinenepesha dramu.

Dramu yenye kipenyo cha milimita 64 na waya wa milimita 8 itatoa mfano. Kutoka katikati ya dramu hadi katikati ya waya, tabaka la kwanza lina milimita 36, la pili 44, la tatu 52, na la nne 60. Tarakimu iliyoandikwa kwenye winchi ni ya tabaka la kwanza peke yake. Ikiwa hapo winchi huvuta kilo 4,300, katika tabaka la pili itavuta takriban 3,520, la tatu 2,980, na la nne 2,580. Nguvu mbili kwa tano zimepotea bila chombo kuharibika wala kumdanganya mtu.

Dereva anapoufunga waya kwenye mti ulio karibu, karibu waya wote hubaki umejikunja, na winchi huvuta kutoka tabaka la nne. Kilo 2,580 haziwezi kulishinda tope linalodai 3,780. Gari halisogei, mota inanguruma, na winchi inalaumiwa. Laiti angechagua mti wa mbali, waya ungefunguka hadi tabaka la chini, na winchi hiyo hiyo ingefaulu. Asifungue waya wote, hata hivyo: mizunguko isiyopungua mitano ya waya wa chuma ibaki kwenye dramu, kwani ni msuguano wa mizunguko hiyo unaoushikilia waya, wala si ile skrubu ndogo ya mwisho.

Kapi moja, nguvu maradufu

Pasipo mti wa mbali, dawa ni kapi. Waya hutolewa kwenye winchi, hupitishwa katika kapi lililofungwa mtini, kisha ncha yake hurudishwa na kufungwa kwenye gari. Sasa nyaya mbili zinalivuta gari, na kila mmoja una mvuto ule ule. Tukiondoa asilimia 10 kwa msuguano wa kapi, zile kilo 2,580 za tabaka la nne huwa karibu 4,640, na gari linatoka. Malipo yake ni mwendo: gari husogea nusu ya urefu wa waya unaokunjwa.

Hapa wanafunzi wengi huteleza. Kapi limefungwa mtini, halisogei. Je, si kapi tuli, ambalo hugeuza mwelekeo tu? Jibu hutegemea mahali winchi ilipo. Baharia wa jahazi anayetweka tanga kwa gofia moja iliyofungwa kileleni mwa mlingoti hapati nyongeza ya nguvu, kwa kuwa yeye amesimama sitahani na mzigo uko upande wa pili wa kamba. Lakini winchi imebebwa na mzigo wenyewe. Ukilitazama jambo kutoka ndani ya gari, mti ndio unaosogea, pamoja na kapi lake. Kanuni isiyokosea ni hii: hesabu nyaya zinazolivuta gari.

Mti nao hubeba jumla ya nguvu hiyo. Mwembe wenye mzizi mkuu uliozama chini ni nanga nzuri. Mnazi hauna mzizi wa namna hiyo bali mizizi myembamba mingi, na katika udongo uliolowa haufai kuaminiwa. Mti ufungwe kwa mkanda mpana, chini kabisa karibu na ardhi, ili usikatwe gome wala kung'olewa. Pasipo mti, gurudumu la akiba huzikwa wima katika handaki lililochimbwa kukingama na mvuto, nalo huwa nanga.

Mota, gia na betri

Winchi ya umeme ni rahisi kufunga, lakini ina kiu. Ikivuta kwa nguvu zake zote huweza kutumia ampea 400 kwa volti 12, hali altaneta ya gari aghalabu hutoa ampea 60 hadi 100. Tofauti yote hutoka katika betri. Betri ya saa-ampea 70, ikidaiwa ampea 300, kwa hesabu ya karatasi ingedumu dakika 14. Kwa kweli hudumu pungufu zaidi, na volti hushuka mapema. Kwa hiyo injini iwe inawaka, na mota ipewe mapumziko ya kupoa. Kapi husaidia hapa pia: mvuto wa waya ukipungua, ampea nazo hupungua.

Gia ni za aina mbili kuu. Gia ya parafujo hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu ya mota kwa msuguano, lakini msuguano huo huo huizuia dramu isirudi nyuma mota inaposimama. Gia za sayari, ambamo gia ndogo huizunguka gia ya kati, hupoteza kidogo na huvuta upesi, ila huhitaji breki ya kushikilia mzigo. Breki hiyo mara nyingi hukaa ndani ya dramu, na mzigo ukishushwa kwa muda mrefu huipasha moto hata waya. Mwenye gari la vijijini asiyekuwa na haraka hana sababu ya kuidharau gia ya parafujo.

Tena ipo winchi ya mkono, itumiayo wenzo na taya mbili zinazoushika waya kwa zamu. Zipo za kuvuta kilo 800, 1,600 na 3,200. Ni ya polepole na hutoa jasho, lakini haina dramu, hivyo nguvu yake haipungui kwa matabaka, haihitaji betri, na hulivuta gari hata kwa nyuma. Kwa zahanati au shule yenye gari moja, hiyo pamoja na kapi na koleo huenda ikawa ya kuaminika kuliko winchi kubwa ya umeme ambayo haijawashwa tangu masika yaliyopita.

Waya uliokaza

Waya wa mita 20 uliokazwa kwa nyutoni 30,000, hata ukirefuka asilimia moja tu, huhifadhi nishati ya jouli 3,000: nusu ya nguvu mara mrefuko wa mita 0.2. Hiyo ni sawa na jiwe la kilo 30 linaloanguka kutoka mita 10. Kulabu ikikatika, nishati hiyo yote hurejea kwa mkupuo mmoja. Watu waliojitokeza kusaidia, na hasa watoto, wasimame mbali kupita urefu wa waya uliotolewa. Mtu asiuvuke waya uliokaza. Na gunia zito au blanketi lililolowa lilazwe juu yake ili kuuangusha chini endapo utakatika. Waya wenye nyuzi zilizochomoza ubadilishwe bila huruma. Kamba za sintetiki ni nyepesi na hurefuka kidogo, hivyo hurudi kwa kishindo kidogo zaidi, lakini mchanga, joto la breki na jua huzila.

Jaribio la darasani

Chukua kijiti cha mviringo chenye nusu kipenyo cha sentimita 2, kiweze kuzunguka juu ya misumari miwili. Kifungie mkono wa sentimita 10, na mwishoni mwake utundike gramu 200. Zungushia uzi kijitini na uushike kwa mizani ya springi hadi mkono ulale sawa. Mizani itasoma karibu nyutoni 10. Kisha kizungushie karatasi hadi nusu kipenyo kifike sentimita 4, na urudie. Mizani itasoma nyutoni 5. Mzigo haukubadilika, wala mkono. Kilichobadilika ni unene tu.

Kibaha ndiko kilipo Kituo cha Teknolojia ya Magari Tanzania, kijulikanacho kwa jina la Nyumbu, kilichoanzishwa kisheria mwaka 1985. Vijana watakaobuni magari ya barabara zetu wamo madarasani leo. Na anayekwenda kununua winchi sasa hivi aulize maswali manne kabla ya kuuliza bei: gari langu likijazwa lina uzito gani; winchi hii huvuta kiasi gani katika tabaka la mwisho; betri yangu itaihimili kwa dakika ngapi; na vipuri vyake vinapatikana wapi. Kisha anunue kapi, na asilisahau koleo, maana kila debe la tope linaloondolewa mbele ya gurudumu ni nguvu ambayo winchi haitadaiwa.