Mwanao Anaogopa Nyuki? Anza na Wewe Mzazi

Ilikuwa bethidei ya mtoto wa jirani. Keki iko mezani, soda zimeshafunguliwa, watoto wanasubiri kulishana. Nyuki mmoja akatua kwenye mdomo wa chupa. Binti yangu wa miaka 5 akapiga ukelele na kutimka hadi getini, na geti lilikuwa wazi. Dada mmoja alimdaka hatua chache tu kabla ya barabara. Siku ile nilielewa kuwa hofu yake ilikuwa hatari kuliko nyuki mwenyewe.

Usiku tukagombana. "Unamdekeza mno, mke wangu," baba yake alisema. "Mpeleke penye nyuki, atazoea." Mimi nilikuwa nimeshaanza kufunga madirisha na kumzuia kucheza nje. Ukweli ni kwamba wote tulikosea. Ukimlazimisha, hofu inazidi. Ukimficha kila siku, anaamini nje kweli hakufai.

Mwaka 1924 mwanasaikolojia wa Marekani, Mary Cover Jones, aliandika kuhusu mtoto aliyemwita Peter, ambaye alikuwa anaogopa sungura. Alimpa chakula anachokipenda huku sungura akiwa mbali, kisha akawa anamsogeza kidogo kidogo. Mwishowe Peter alimshika. Nyuki hashikwi, lakini njia ni ile ile. Sisi tulifanya hivi:

Hatua ndogo ndogo. Tulianza kwa kuchora nyuki huku tukila mkate na asali. Baadaye tukatazama maua kupitia dirishani, kisha tukiwa mlangoni, kisha uani. Hatukusogea mpaka aseme mwenyewe, "Twende, mama."

Mwambie ukweli. Usimdanganye kuwa hawaumi. Mweleze kuwa nyuki wa asali akimchoma mtu, mwiba hubaki kwenye ngozi naye hufa, hivyo hujilinda tu. Nyigu yeye anaweza kurudia.

Mpe la kufanya. Akiwa mmoja, asimpunge mikono, arudi nyuma polepole. Wakija kundi, akimbilie ndani huku akikinga uso. Mzinga asiusogelee kabisa.

Jueni huduma ya kwanza. Toa mwiba haraka, osha kwa maji na sabuni, weka kitu cha baridi. Akivimba uso au ulimi, akipumua kwa shida, akizimia au akichomwa na nyuki wengi, mkimbizeni hospitali hapo hapo.

Jiangalie na wewe. Nilikuwa naruka kila nikisikia mlio wa nyuki, na mtoto ananiona. Na siku moja tukiwa uani, baba yake akaniambia kitu ambacho sikuwahi kukisikia: utotoni alichomwa, kesho yake akalazimishwa kurudi pale pale. "Mpaka leo sipapendi," alisema. Kumbe ugomvi wetu haukuwa wa mtoto peke yake.

Kama hofu inamnyima mwanao usingizi au shule, muoneni mtaalamu wa saikolojia. Si aibu.

Juzi nyuki alitua kwenye glasi ya juisi yangu. Binti yangu akanishika mkono, tukarudi nyuma wote. "Usiogope, mama, anataka sukari tu." Kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho, lakini hakukimbia.

Leo jioni, kabla hamjamuuliza mtoto anaogopa nini, ulizaneni nyie wawili.