Risiti ya Dukani Ikipotea

Risiti ya dukani hupotea kirahisi kuliko chenji iliyotoka nayo. Mpishi wa msafara wa Mlima Kilimanjaro hununua mchele, unga, mafuta na biskuti za wageni mjini Moshi asubuhi, hupakia gari na kuelekea lango la Marangu au Machame. Siku sita baadaye anashuka, na mhasibu wa kampuni anamsubiri arejeshe masurufu. Mweka hazina wa kamati ya harusi huko Kibosho hukutwa na jambo hilohilo siku wajumbe wanaposomewa mapato na matumizi. Kikaratasi kinatafutwa, hakionekani.

Mahali pa kwanza pa kutazama ni mfuko wenyewe. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 1, 2019, watu hubeba bidhaa katika mifuko mbadala ambayo huoshwa na kutumika tena, na risiti hupenda kujibanza kwenye mshono wa chini. Kisha hufuata mfuko wa shati, ambao unapaswa kupekuliwa kabla ya nguo kuingia kwenye maji au kupigwa pasi. Pasi ikipita juu ya risiti, karatasi nzima hugeuka nyeusi.

Ikishindikana hapo, inafaa kukumbuka kwamba karatasi ni nakala tu ya taarifa iliyobaki kwingine. Mashine za risiti za kielektroniki, ambazo wafanyabiashara wengi huziita EFD, zilianza kutumika Tanzania mwaka 2010. Kila mauzo hubaki katika kumbukumbu ya mashine yenyewe, na mashine hupeleka taarifa Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, kwa njia ya mtandao. Kwa hiyo mnunuzi aliyepoteza karatasi bado ana milango miwili ya kubisha.

Mlango ulio karibu ni duka lenyewe. Muuzaji anaweza kurudi kwenye kumbukumbu ya mashine na kutoa nakala, mradi ajue aanzie wapi. Kusema tu "nilinunua wiki iliyopita" hakumsaidii, hasa Desemba, Wachaga wanaporudi nyumbani kwa Krismasi na foleni za kaunta kuwa ndefu. Tarehe, saa ya kukadiria, jumla ya fedha na bidhaa moja isiyo ya kawaida katika kapu hupunguza sana kazi yake. Aliyetaja namba yake ya mlipakodi, TIN, wakati wa kununua ana nafuu zaidi, kwa sababu namba hiyo huchapwa kwenye risiti.

Kinachotakiwa ni nakala ya mauzo yaleyale. Wapo wanaomwomba muuzaji akate risiti mpya ili mambo yaishe, na huo ni ushauri mbaya kwa wote wawili. Tuseme bidhaa zinazotozwa VAT ya asilimia 18 zililipiwa shilingi 118,000 kwa jumla. Ndani yake mna kodi ya shilingi 18,000. Risiti mpya ikikatwa, mashine inahesabu mauzo mengine, na duka linaonekana kudaiwa shilingi 18,000 nyingine kwa mzigo ambao haukutoka. Tarehe ya risiti hiyo nayo haitalingana na siku ya safari, jambo ambalo mhasibu makini hulinusa mapema.

Mlango wa pili ni ukurasa wa uhakiki wa TRA, verify.tra.go.tz. Sehemu ya chini ya risiti halali huwa na namba ya uhakiki pamoja na alama ya QR. Anayeingiza namba hiyo na saa iliyochapwa kwenye risiti, hadi sekunde, huonyeshwa risiti yenyewe: jina la duka, bidhaa, kodi na jumla, na anaweza kuichapa upya. Ugumu ni kwamba namba hiyo ilikuwa kwenye karatasi iliyopotea. Hata hivyo, aliyewahi kuisoma alama ya QR kwa simu siku ya ununuzi huenda akakuta kiungo chake bado kimo katika historia ya kivinjari. Picha iliyotumwa haraka kwenye kundi la WhatsApp la kamati nayo inatosha, hata ikiwa imekatwa juu, almuradi namba na saa vinasomeka.

Malipo ya simu hayatoi risiti ya duka, lakini husaidia kuipata. Ujumbe wa muamala wa Lipa Namba unaonyesha aliyelipwa, kiasi na saa, yaani mambo yaleyale ambayo muuzaji anayahitaji ili atafute kwenye mashine. Ujumbe ukiwa umefutwa, mteja anaweza kuomba taarifa ya miamala kwa mtandao wake wa simu.

Kuna risiti ambazo hazikupotea ila zimefifia. Karatasi zake hazitumii wino: zimepakwa kemikali inayogeuka nyeusi inapopata joto la kichwa cha mashine. Jua la dashibodi ya gari, mafuta ya kupikia na losheni ya mikononi huiharibu. Dawa ya kwanza ni kuipiga picha na kuongeza ukolezi wa rangi kwenye simu, au kuiskani steshenari. Wengine huipuliza taratibu kwa nyuma na mashine ya kukaushia nywele, ili karatasi iwe nyeusi na maandishi yabaki meupe. Njia hiyo hufaulu mara nyingine tu na haina marejeo, hivyo picha itangulie.

Duka likifungwa, mlango wa kwanza hufungwa nalo. Nakumatt ya Kenya ilifungua tawi mjini Moshi mwaka 2011, ikaja kusambaratika, na kampuni nzima ikazikwa mwaka 2020. Aliyepoteza risiti ya duka la namna hiyo hana kaunta ya kurudi.

Huku juu migombani, kwenye duka la Mangi, yaani duka dogo la jirani, kwa kawaida kuna daftari badala ya mashine. Mwenye duka anaweza kuandika upya risiti ya mkono kutokana na daftari hilo, akiweka tarehe ya awali na neno "nakala". Soko la Mbuyuni mjini Moshi ni habari nyingine kabisa. Mama anayeuza ndizi chini hana risiti ya kutoa, na kinachotumika ni vocha ya malipo yenye sahihi yake, iliyojazwa palepale. Mhasibu anayedai risiti ya mashine kwa mikungu mitatu ya Mbuyuni anadai kitu ambacho hakikuwahi kuwepo.