Uchungu wa Uzazi na Njia za Kuupunguza

Maumivu ya kujifungua, ambayo Kiswahili kimeyapa jina mahususi la uchungu, hutokana na misuli ya mfuko wa uzazi kujikaza kwa vipindi huku shingo yake ikifunguka hadi takribani sentimita 10, na kuyapunguza ni tiba halali wala si kumdekeza mama. Wazo hilo si geni katika ukanda wa Maziwa Makuu, kwani mwaka 1879 Mwingereza Robert Felkin alishuhudia katika ufalme wa Bunyoro (Uganda ya leo), kaskazini mwa Karagwe ya Tanzania, mganga akimpasua mzazi aliyekuwa amenyweshwa pombe ya ndizi, ambayo pia ilitumika kunawia mikono na kuoshea tumbo.

Kwa nguvu, hakuna njia inayoishinda ganzi ya epidura, ambayo hutolewa kwa kupitisha mpira mwembamba kiunoni hadi kwenye nafasi iliyo nje ya utando unaofunika uti wa mgongo, kisha dawa ikaingizwa kidogo kidogo huku mama akiwa macho. Isichanganywe na sindano moja ya mgongoni inayotolewa kabla ya upasuaji. Epidura huweza kushusha shinikizo la damu na kurefusha muda wa kusukuma mtoto, hivyo inadai mtaalamu wa usingizi aliye karibu, na wataalamu hao ni wachache nchini Tanzania, wengi wao wakiwa katika hospitali kubwa za mijini.

Pethidini, dawa ya jamii ya afyuni inayochomwa kwenye msuli, ni rahisi zaidi kuitoa, lakini hupunguza makali ya uchungu bila kuuondoa, huleta usingizi na kichefuchefu, na kwa kuwa hupenya kondo la nyuma, mtoto anayezaliwa saa chache baada ya sindano anaweza kupumua kwa shida. Ndiyo maana mkunga hupima kwanza njia imefunguka kiasi gani.

Kwa mama wa Ihembe, wilayani Karagwe, anayejifungulia zahanati, basi, njia zilizo karibu ni zile zisizo na sindano: kutembea, kuchuchumaa au kulala ubavu, kukandwa kiuno, kitambaa cha maji ya uvuguvugu na kupumua taratibu. Zisidharauliwe, maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, lilipendekeza kupumua na kukandwa sambamba na epidura na dawa za afyuni, na likasisitiza mama awe na msindikizaji anayemchagua mwenyewe. Uchambuzi wa tafiti zilizohusisha wanawake zaidi ya 15,000 ulionyesha kuwa wenye mtu wa kuwafariji muda wote walihitaji dawa za maumivu kwa uchache zaidi na walijifungua kwa njia ya kawaida zaidi. Mama mkwe, dada au mume anayeachwa nje ya wodi ya wazazi ni tiba iliyoachwa nje.

Dawa za mitishamba za kuharakisha uchungu ni jambo jingine kabisa: hazipunguzi maumivu, bali baadhi huukaza mfuko wa uzazi hadi ukaweza kupasuka.

Mjamzito aulize mapema, kliniki, kama kituo chake kinaruhusu msindikizaji, kina dawa gani ya maumivu, na rufaa ya kwenda hospitali ya Nyakahanga au ya Isingiro hufanyikaje.