Taa Asiyewaka: Mwanafunzi wa Bara Mbele ya Kitoweo cha Pwani

UTANGULIZI

Wahenga walinena kuwa mtembezi hula miguu yake. Methali hii humkanya mtu dhidi ya kuzurura bila faida. Hata hivyo, yupo mtembezi mwingine anayestahili kuzungumziwa: yule anayefika ugenini, akatandikiwa mkeka, akaandaliwa chakula asichokijua, naye akashindwa kukila na hata kukitaja jina. Makala haya yanamhusu mtembezi huyo, hasa akiwa ni mwanafunzi wa Kiswahili aliyezaliwa na kulelewa bara.

Dhamira yetu ni kueleza baadhi ya vyakula vya baharini ambavyo mgeni hukutana navyo katika pwani ya Kenya, sababu zinazomfanya avikimbie, na tahadhari anazopaswa kuchukua. Hoja tunayoitetea ni moja, nayo ni kwamba sehemu kubwa ya msamiati wa Kiswahili ilizaliwa baharini, na msamiati huo haukamiliki kwa kusoma kamusi pekee. Kamusi zetu mara nyingi huishia kutuambia kuwa neno fulani ni aina ya samaki, kisha zikanyamaza. Yaliyosalia hupatikana mwambani, jikoni na ulimini.

KISA CHA WASINI

Miaka kadhaa iliyopita, baadhi ya wanachama wa chama chetu tulifunga safari hadi kisiwa cha Wasini, kilichoko mkabala wa Shimoni, kusini mwa pwani ya Kenya. Nia yetu ilikuwa kuisikiliza lahaja ya Kivumba katika mazingira yake. Tulibeba madaftari na vinasa sauti. Tulijiona watafiti kamili.

Adhuhuri mwenyeji wetu, mama wa makamo, alitukaribisha mkekani. Palikuwa na sinia la wali wa nazi na bakuli la mchuzi mzito. Ndani ya mchuzi mlikuwa na vipande vyenye rangi ya zambarau, vimepambwa kwa vijiduara mithili ya vifungo vya shati. Sisi tuliotoka milimani tukatazamana. Mmoja wetu akanong'ona kwamba kitu kile kilikuwa kikimtazama.

"Mbona hamtii mkono, wanangu?" mama akauliza.

"Ahsante, Mama, tumeshiba," akajibu mwenzetu. Kila aliyekuwepo alijua kwamba tangu alfajiri hatukuwa tumekula chochote.

Mama hakusema neno. Alilichukua bakuli, akaingia jikoni, na baada ya muda akarudi na mayai ya kukaanga. Tulikula kwa pupa. Ni jioni tu ndipo binti yake alipotudokezea kuwa mama aliamkia mwambani siku hiyo, maji yalipokuwa yamepwa sana, akamsaka pweza yule kwa ajili ya wageni wake. Usiku ule mayai yalinikaa kooni.

Kesho yake nilimwomba radhi, kisha nikamsihi anifundishe. Haya yafuatayo ni sehemu ya niliyojifunza kwake na kwa watu wengine wa pwani tangu wakati huo.

JINA MOJA, MAANA MBILI

Tatizo la kwanza la mgeni wa bara ni kwamba maneno anayakuta akiyajua, ila ameyajua kwa maana ya nchi kavu. Kwake kamba ni ya kufungia ng'ombe, taa ni ya kumulikia, kaa ni la moto. Mpwani akisikia maneno hayohayo huweza kuwafikiria viumbe watatu waliomo majini. Kamba ni mdudu wa bahari mwenye gamba jembamba na masharubu marefu. Yule mdogo kabisa huitwa uduvi, na yule mkubwa mwenye gamba gumu huitwa kambakoche au kamba mawe. Taa ni samaki bapa, mpana kama ungo, mwenye mkia mrefu ambao huweza kuwa na mwiba wa sumu. Kaa ni yule mwenye magando, atembeaye upande.

Hapa ndipo sarufi inapotuokoa. Tukisema "taa imezimika," tunazungumzia chombo. Tukisema "taa amepikwa," tumeingia baharini. "Kamba imekatika" ni hasara ya mfugaji, ilhali "kamba amekaangwa" ni furaha ya mlaji. "Kaa la moto" huunguza, lakini "kaa mkubwa" hubana. Wanafunzi wengi hukariri upatanisho wa viumbe wenye uhai kwa ajili ya mtihani bila kutambua kuwa, huko pwani, ndio unaotofautisha kitoweo na kifaa.

Vilevile, wapo viumbe ambao mgeni huwachanganya kwa sababu hajawahi kuwaona. Pweza ana minyiri minane na hana mfupa hata mmoja. Ngisi ana umbo refu zaidi, naye huongeza minyiri miwili mirefu juu ya ile minane. Wote wawili humwaga wino wanapotishwa.

Aidha, ni vigumu kuzionja methali na tamathali zetu bila kuwajua viumbe hawa. Tunasema mtu amelala usingizi wa pono kwa sababu pono, samaki wa mwambani, hulala kwelikweli usiku, akitulia kwenye mapango ya matumbawe. Tunasema hasira za mkizi ni furaha ya mvuvi kwa sababu mkizi huruka kutoka majini, na mara nyingine hujiangusha mwenyewe chomboni. Nayo methali ya kuwa kaa akiinua gando mambo yamekatika humwelea barabara aliyewahi kumwona kaa akijiandaa kupigana.

KWA NINI WA BARA HUSHTUKA?

Si haki kumlaumu mgeni kabla ya kumwelewa. Jamii kadhaa za bara la Kenya, Wamaasai na Wakikuyu wakiwamo, hazikuwa na desturi ya kula samaki hapo kale. Wapo waliomfananisha na nyoka. Mtoto aliyelelewa katika mazingira hayo hurithi kinyaa hata kama hajui kilikotoka. Kwa upande mwingine, mwenzetu wa Ziwa Viktoria aliyezoea ngege, omena na kamongo hamwogopi samaki. Lakini hata yeye, pweza humtatiza, kwa kuwa hafanani na kiumbe yeyote wa ziwani.

Isitoshe, tusidhani kuwa kila Mpwani hula kila kitokacho baharini. Waislamu wengi wa pwani ni wa madhehebu ya Shafii, ambayo kwa jumla huhalalisha viumbe wa baharini. Hata hivyo, kuhusu kaa, ambaye huishi majini na nchi kavu, zipo rai tofauti, na wapo wasiomla kabisa. Kwa hivyo kusita mbele ya sinia si ushamba wa bara peke yake. Kila jamii ina mipaka yake. Tofauti iko katika namna ya kuieleza mipaka hiyo kwa adabu.

KUTOKA MWAMBANI HADI SINIANI

Tuchukue mfano wa pweza ili tuone jinsi chakula kimoja kinavyobeba msamiati mzima. Bahari hujaa na kupwa, na ni katika kitenzi pwa ndipo tulipopata neno pwani, yaani mahali maji yapwapo. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Kipindi hicho huitwa bamvua. Katikati ya vipindi hivyo maji husogea kidogo tu, nayo huitwa maji mafu. Msaka pweza huingoja bamvua, kwani ndipo mwamba unapobaki wazi na watu wakaweza kutembea juu yake. Katika sehemu nyingi za pwani yetu, kazi hii ya kusaka kwa miguu hufanywa pia na wanawake, nayo huwapa kitoweo na fedha za matumizi.

Pweza hujificha pangoni na kujigeuza rangi afanane na jiwe. Mama yule wa Wasini alikuwa akiona shimo ambalo mimi niliona ni mwamba mtupu. Alichokoa kwa fimbo yenye ncha, na pweza alipoinata fimbo kwa minyiri yake, akamvuta. Kisha alimpigapiga jiweni kwa muda mrefu. Kazi hiyo si ukatili, bali ni upishi ulioanza mapema, maana nyama ya pweza asiyepigwa huwa ngumu kama mpira.

Tuliporudi, aliniambia, "Mwanangu, kaniletee mbuzi nyuma ya mlango." Nilikwenda. Nilichungulia nyuma ya mlango, nikazunguka ua, nikarudi nikasema kuwa yamkini mbuzi amekata kamba. Mama alicheka hata machozi yakamtoka. Mbuzi aliyemtaka ni kile kigoda chenye ulimi wa chuma cha kukunia nazi, ambacho nilikuwa nimekiruka mara mbili. Nadhani ni katika kicheko kile ndipo aliponisamehe mayai ya jana.

Pweza huchemshwa kwa maji machache, kwa kuwa yeye mwenyewe hutoa maji mengi. Akishalainika hukatwa vipande, akaungwa kwa kitunguu, nyanya, kitunguu saumu na bizari. Nazi iliyokunwa hukamuliwa: tui la kwanza, zito, huitwa kasimile, la pili huwa jepesi. Lile jepesi hutangulia chunguni, na kasimile hutiwa mwishoni huku mchuzi ukikorogwa taratibu, lisije likakatika. Ndimu au ukwaju huongeza ukali. Nilipoonja, nilikuta nyama yenye utamu wa mbali, laini lakini yenye kutafunika, iliyokaribia zaidi ladha ya kuku wa kienyeji kuliko ya samaki. Vile vijiduara vilivyotutisha havikuwa na ladha ya peke yake. Vilikuwa ni kazi ya meno tu.

TAHADHARI

Kuonja hakumaanishi kufumba macho. Wapo viumbe wa baharini ambao hata Mpwani anapaswa kujihadhari nao, na mgeni anapaswa kuyajua majina yao kabla ya mengine yote.

Kwanza ni bunju, samaki ajifuraye kama puto. Ana sumu kali inayopooza mwili, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Pili ni kasa. Huyu analindwa na sheria ya wanyamapori nchini Kenya, na pia nyama yake huweza kuwa na sumu isiyotambulika kwa macho wala kwa harufu. Mwezi wa Novemba 2021 watu 7 walifariki kisiwani Pemba baada ya kuila, na mwezi wa Machi 2024 watoto 8 na mtu mzima 1 walifariki katika kisiwa cha Panza, hukohuko Pemba, kwa sababu iyo hiyo.

Tatu, chaza na kome hula kwa kuchuja maji, hivyo hukusanya uchafu na vijidudu vya mahali walipo. Ni vyema mgeni awale wakiwa wamepikwa wakaiva, na aulize walitoka wapi. Nne, jodari na samaki wa jamii yake wasipohifadhiwa penye baridi hufanya kemikali inayowasha mwili na kuumiza kichwa, hata wakipikwa baadaye. Tano, wapo watu ambao miili yao humkataa kamba, kaa au ngisi. Anayeonja kwa mara ya kwanza na aanze kwa kipande kidogo. Akiona midomo inavimba au pumzi inabana, apelekwe hospitali bila kuchelewa.

ADABU YA MGENI

Je, mtu afanyeje iwapo kweli hawezi kula? Mama wa Wasini alinijibu swali hili kwa maneno machache: "Uliza kwanza, mwanangu. Aulizaye hajakataa." Mgeni akiuliza kitoweo kinaitwaje, kimevuliwaje na kimepikwaje, tayari ameitambua kazi ya mwenyeji. Baada ya hapo akisema kuwa dini yake, afya yake au mazoea yake hayamruhusu, mwenyeji huelewa. Kinachoumiza ni uongo wa kusema umeshiba, kwa kuwa mwenyeji hubaki akidhani kuwa ni mkono wake uliochukiza.

HITIMISHO

Tumejaribu kuonyesha kuwa chakula kigeni hudai ulimi mara mbili, ulimi wa kuonjea na ulimi wa kusemea. Tunawahimiza wanafunzi wenzetu wanaozuru pwani wasiishie kunasa sauti za wazee, bali waingie jikoni na kushuka mwambani wakati wa bamvua, na kuandika jina la kila kiumbe pamoja na umbo, makazi na mapishi yake. Wahadhiri nao wangetufaa kwa kuyafanya makusanyo hayo kuwa sehemu ya kazi zetu za nyanjani. Wazee wanaoyajua majina hayo bado wapo, lakini hawatangoja milele.

Jioni yetu ya mwisho kisiwani tulipikiwa mchuzi wa taa. Mwenzetu, yule aliyesema ameshiba, alikula kimya hadi sahani ikawa tupu. Kisha akainua uso na kuuliza, "Mama, taa amebaki?" Kibatari kilikuwa kikiwaka ukutani, nyuma yake kabisa. Mama hakukitazama. Alifunua chungu.