Choo Kisichofikiwa na Gari: Kikwazo cha Afya katika Makazi Yasiyopangwa

Katika makazi mengi yasiyopangwa jijini Dar es Salaam, yakiwamo ya Tandale, vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba magari ya majitaka hayapiti. Choo kinapojaa, baadhi ya kaya hukitapisha wakati wa mvua. Kinyesi huchafua maji, na kipindupindu husambaa. Mlipuko mkubwa wa mwaka 2015 nchini Tanzania ulianzia jijini humo.

Kupanua njia hulazimu baadhi ya nyumba kubomolewa. Wenye nyumba hudai fidia, nao wapangaji huhofia kukosa pa kuishi. Hadi muafaka upatikane, pampu za mkono hufika vichochoroni, mradi kinyesi kipelekwe kwenye mabwawa ya majitaka. Maji ya kunywa yachemshwe, na anayeharisha anyweshwe ORS huku akiwahishwa kituo cha afya.